Wiki moja ya kusomesha watoto wadogo nyumbani: mwongozo kamili kwa sie tulioshindwa likizo iliyopita

Kila skuli zikifunga maneno ni yale yale. Mtu ananiambia mara hii nawasomesha mwenyewe, kanunua madaftari, kanunua chaki, Jumatatu kaanza kwa nguvu zote, ikifika Jumatano mtoto analia, mama kakasirika, madaftari yako juu ya kabati na watoto wako kwa jirani wanaangalia katuni. Na mie usinione naandika hapa, likizo ya mwanzo nilifanya vile vile, nikapiga na kengele ya kijiko na sahani, saa 2 mpaka saa 6 za mchana, Jumanne nikamtafuta mwanangu mdogo nyumba nzima kumbe kajificha mvunguni na paka.

Kosa letu ni moja, tunaibeba skuli nzima tunaileta ukumbini. Kule mwalimu ana darasa limejaa, kuwatuliza tu na kukagua madaftari kunakula nusu ya asubuhi. Wewe una wawili au watatu, kazi ile ile inakwisha kwa saa moja, ukizidisha hapo unasomesha ukuta.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 5 mpaka 7, siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sio badala ya skuli, ikifungua warudi. Mie niko Wete, Pemba, na naandika wakati karafuu ziko majamvini, kwahiyo utaziona karafuu kila mahali, kama kwenu hakuna tumia choroko au kunde, isipokuwa pale kwenye mizani ntakapokwambia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Maboksi ya biskuti au ya sabuni, na mkasi
- Maka moja nyeusi, ile ya wino mzito
- Penseli mbili kwa kila mtoto, zichongwe usiku
- Daftari la mistari mipana, moja moja
- Vifuu vya nazi kumi, visafi, vilivyokwanguliwa ndani
- Karafuu mbichi kiasi cha bakuli
- Njiti za chelewa, yani za ufagio wa makuti, zikatwe fupi urefu wa kidole (ndefu zinachoma macho, usizembee hapa)
- Kopo la kupimia, na kama bibi bado ana kibaba ndo vizuri zaidi
- Mkeka
- Kanga zako mbili tatu zenye majina

Basi. Usinunue ubao wala machati ya ukutani. Alafu kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka 3, karafuu na choroko zisibakie chini hata dakika, hao kila kitu kinaenda mdomoni au puani. Yeye mpe kifuu na kijiko apige ngoma.

## Hatua ya 1: Tengeneza kadi 47 (Jumapili usiku)

Wiki hii tunachukua herufi nne tu, m, k, t na n, na irabu zetu tano. Nne mara tano ni silabi 20: ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku, ta te ti to tu, na ne ni no nu.

Kata boksi vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kila silabi iandike kwenye kadi mbili, isipokuwa "mi" ambayo utaandika nne, sababu yake utaiona Ijumaa. Alafu kadi moja moja ya a, e, i, o, u. Jumla 47. Herufi ndogo zote, herufi kubwa subiri.

Kwanini hizi nne? Kwasababu hazimo b na d pamoja, na zinatoa maneno ya kweli siku ile ile ya kwanza. Watu wengi wanaanza na b alafu d wiki hiyo hiyo, mtoto anaziona ni kitu kimoja kilichogeuka na hapo umeshampoteza mwezi mzima.

Utajua umefanikiwa: ukizichanganya kadi zote juu ya mkeka unaweza kutoa mama, kuku, keki, kiti, tatu bila kutafuta kadi ya ziada.

## Hatua ya 2: Panga saa, alafu zibandike pahala

Mie nafanya hivi na sibadilishi:

Saa 2 chai. Saa 2 na nusu kusoma. Kisha wanatoka nje. Saa 3 na robo hesabu. Kisha kazi ya nyumbani, kuchambua mchele, kufagia, kukusanya vyombo. Saa 4 na robo kuandika, mwisho. Mchana ni wao na chuo chao cha Kurani.

Kipindi cha mtoto wa miaka 5 ni dakika 10, wa miaka 7 dakika 15, ukimwongezea kidogo sana 20. Weka simu ipige. Ikipiga simama, hata kama anaendelea vizuri, tena hasa akiwa anaendelea vizuri, kwasababu kesho atakuja mwenyewe kukuuliza tunaanza saa ngapi. Mie hili lilinichukua likizo mbili kulielewa, nilikuwa nikiona kashika nasema aa ngoja tumalize na hii, na hii, na hii, mpaka anakataa.

Onyo: watoto wa jirani watakuja tu. Wakaribishe, ila wakizidi watano hiyo sio nyumba tena.

## Hatua ya 3: Jumatatu, m na k

Anza na irabu, mdomo kwa mdomo, kaeni muangaliane. Mtoto wetu anayekwenda chuo kashazoea fataha, kasra na dhuma, yani a, i, u anazo tayari. Zinazomsumbua ni e na o, mie naona wengi wanaandika "kiki" wakitaka keki. Kwahiyo e na o zipe muda mara mbili.

Kisha mpe ma me mi mo mu. Tamka silabi nzima, "ma". Usimwambie "em na a inakuwa ma", jamani, hapa ndo wengi wanapoanguka. Mtoto akisikia "em" anapata sauti ambayo haimo kwenye neno, anabaki anasema "em-a-em-a" na haioni mama ilipo. Kiswahili kimetuhurumia, kinavoandikwa ndo kinavotamkwa, usikitie ugumu usiokuwepo.

Zikishakaa, ingiza k kwa njia ile ile, hapo hapo muundie maneno: mama, mimi, kuku, kaka, keki, kima, kumi. Usimpe "mkeka" leo, ile m ya mwanzo inasimama peke yake haina irabu, itamchanganya. Akiuliza mwenyewe (wangu aliuliza, maana alikuwa kaukalia) mwambie hilo ni la wiki nyengine.

Mtoto akikosea kadi moja mara tatu, itoe hiyo kadi, rudisha kesho. Usinyanyue sauti na bakora iwe mbali kabisa, ukimpiga kwa ajili ya "ko" atakaa kuiogopa "ko".

Utajua umefanikiwa: anachukua kadi mwenyewe, anaunda neno ambalo hukumfundisha. Wangu alitaka kuunda "kaka mkuu", m akaiacha na pahala pa u akatia ku nyengine, ikasomeka "kaka ku ku", tukacheka mpaka bibi yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

## Hatua ya 4: Muoneshe upande wa kuanzia

Hii nimeipa hatua yake peke yake kwasababu sijaona anayewaambia watu. Watoto wetu wanasoma juzuu kutoka kulia, skuli wanaandika kutoka kushoto, alafu tunashangaa mbona anaandika kinyume. Mwanangu aliandika "amam" nikamkosoa mara nne, nikadhani hajui, kumbe anajua kila herufi, kaanza upande wa chuoni tu. Ukiisoma kutoka kulia ilikuwa mama safi kabisa.

Dawa yake: kila ukurasa wa daftari, pembeni kushoto, mchoree ngalawa ndogo. Mwambie hapa ndo bandarini, ngalawa inaondokea hapa inakwenda kule, ikifika ukutani inarudi tupu kuchukua mstari mwengine. Na juzuu nayo mwambie ina bandari yake upande wa pili. Usimwambie chuoni wanakosea wala skuli wanakosea, ni bandari mbili tu.

Kuandika kwenyewe wiki hii ni mistari miwili kwa siku. Kwanza aandike kwa kidole kwenye mchanga au kwenye unga uliopepetwa juu ya sinia, ndo penseli. Akishika penseli kwa ngumi mpe kipande kifupi cha penseli, hakitoshi ngumi, vidole vinajipanga vyenyewe.

Utajua umefanikiwa: siku ya tatu anatafuta ngalawa kwa macho kabla hajaandika.

## Hatua ya 5: Jumanne, t, na kuhesabu kwa vifuu

Kusoma leo ni fupi. Rudia m na k dakika tano, ingiza t: tatu, kiti, tamu, kata, kuta. Umemaliza.

Nguvu ziende kwenye hesabu. Mtoto wa miaka 5 anaweza kukuimbia moja mpaka ishirini kama kasida na asijue saba ni ngapi. Kuimba sio kuhesabu. Mwagia karafuu mkekani, mwambie tia kumi kwenye kila kifuu, moja moja, aziguse. Kifuu kikishapata kumi kinasogezwa kando, hakiguswi tena.

Kisha muulize kumi na tatu iko wapi. Kifuu kimoja na karafuu tatu mkononi. Jina lenyewe linakwambia, kumi, na, tatu. Mpaka kumi na tisa mambo mazuri. Balaa linaanza hapo mbele, watoto wengi watakwambia "kumi na kumi", na wala hawajakosea, sie ndo tulochukua ishirini na thalathini kutoka Kiarabu na jina halisemi tena kuna makumi mangapi. Kwahiyo weka vifuu viwili vilivyojaa, mwambie hivi viwili jina lake ishirini. Vitatu, thalathini. Arudie akiwa anavigusa.

Wa miaka 7 mpe njiti za chelewa, afunge kumi kumi kwa uzi, afike mia. Akishafika muulize la pishi: pishi moja ni vibaba vinne, mchumaji kaleta pishi tatu, vibaba vingapi? Akishindwa asikisie, apime kwa kibaba kweli kweli, amimine. Kama huna kibaba tumia kopo lolote ila liwe hilo hilo wiki nzima.

Na leo anza jaribio la mizani. Hili ni la karafuu tu, choroko ni kavu tayari, haitokwambia kitu (asiye na karafuu aanike ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba, zifunikwe na chandarua kwa ajili ya nzi). Chukua karafuu mbichi zilizokwisha chambuliwa, makonyo (vile vijiti vyake) yametoka, nenda nazo dukani na watoto, mpimiwe gramu 900. Mtoto aandike 900 kwenye daftari. Zianikeni kwenye ungo peke yake, zisichanganywe na za jamvini.

Onyo: karafuu za somo zitoke chini, hakuna mtoto kupanda mkarafuu "kuongezea". Kila msimu tunasikia watu wazima wameanguka, seuze mtoto.

Utajua umefanikiwa: unamwambia niletee kumi na saba, analeta kifuu kimoja na saba bila kuhesabu upya kutoka moja.

## Hatua ya 6: Jumatano, n, kanga, na ile tano inayofanana na sifuri

Ingiza n: nani, nane, tano, nuka. Ukitazama, mtoto sasa anasoma tatu, tano, nane na kumi kwa herufi, muandikie kwenye vipande vya karatasi abandike kwenye vifuu vyenye idadi hiyo.

Tandika kanga. Majina ya kanga karibu yote yameandikwa kwa herufi kubwa, kwahiyo usitegemee asome, mpe kazi ya kusaka: nitafutie M zote, sasa K, sasa T. Anaona mwenyewe M kubwa na m ndogo ni ndugu. Dakika kumi zinapita hujui, na wewe unakunywa chai yako. (Chagua kanga kwa akili, wa miaka 7 akishajua kusoma atakuuliza hilo jina lina maana gani mbele ya mama mkwe.)

Sasa tarakimu. Mtoto wa chuo anaona namba za aya kila siku. Tano ya kule ni kiduara, sawasawa na sifuri yetu. Sita ya kule inataka kufanana na saba yetu, na saba ya kule ni kama V. Kwahiyo akiandika 0 ukamwambia aandike tano, usimwite mzembe. Chora safu mbili, ya juzuu na ya skuli, muweke karafuu tano chini ya zote mbili. Somo moja linatosha, watoto wana akili kuliko tunavowadhania wakishajua mambo ni mawili.

Hii siku ya Jumatano ndo watu wanavunjika moyo. Ikiwa wamechoka kabisa, futa kipindi cha kuandika, waende wakageuze karafuu jamvini na wazitazame rangi zimefika wapi. Ni somo.

## Hatua ya 7: Alhamisi, pwani

Chuo chetu Alhamisi kimefungwa kwahiyo tunayo siku. Lakini usiende pwani kwa kubahatisha. Angalia kalenda ya Kiislamu ukutani: mwezi ukiandama na ukifika 14, 15, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, na kwetu bamvua maji hukauka sana kwenye saa 4 za asubuhi hivi, muda mzuri wa watoto. Ikiwa ni siku za maji mafu, yaani tarehe 8 au 22 hivi, maji hayaendi mbali, bora ubadilishane na siku nyengine.

Wakifika wachomeke njiti ukingoni mwa maji. Wasubiri nusu saa wakicheza, warudi waitazame njiti. Muulize maji yamekwenda wapi, muache ajibu ujinga wowote, usimrukie. Mkubwa mwambie kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo leo yakikauka saa 4 kesho ni saa 5 kasoro dakika 10, keshokutwa je? Mwanangu wa miaka 7 alikwama hapo akahesabu kwa vidole vya miguu, akafika.

Waokote simbi tupu na makombe, wapange kwa ukubwa, wahesabu kumi kumi.

Onyo: ndara miguuni wakati wote, miba ya baharini haina mchezo. Na koa aliye hai mwenye gamba la umbo la pia lenye michoro mizuri asishikwe kabisa, wengine wana sumu kali. Sheria yangu, ikiwa hujui ndani kuna mtu, usiguse. Maji yakianza kurudi nyie mshaondoka.

Leo hakuna daftari.

## Hatua ya 8: Ijumaa, sentensi moja na mizani

Siku fupi, saa 3 na nusu mmemaliza, kuna kuoga na kwenda msikitini.

Toa kadi zote. Muundie "nani ana keki", asome. "Kaka ana keki tamu", asome. Kisha mwambie aunde ya kwake: mimi nina miaka mitano. Hesabu kadi za "mi" alizotumia, nne, ndo maana nikakwambia. Wa miaka minane naye herufi zinamtosha. Wa sita na saba mtengenezee kadi ya si, ya sa na ya ba, mpe mkononi kama zawadi.

Aiandike sentensi hiyo daftarini, kuanzia kwenye ngalawa. Baba akirudi msikitini, au bibi akiwa kaupumzisha mgongo, amsomee. Usisimame nyuma yake ukimnong'oneza, akikwama akwame.

Kisha ungo urudi dukani. Vunja karafuu moja mbele yao, kavu inavunjika ta! na ikipinda tu bado. Kama jua lilikuwa zuri zile gramu 900 zitakaribia 300. Wangu alimwangalia muuza duka kwa jicho baya sana, akaniuliza kwenye sikio, mama katuibia? Hapo ndo mahali pa kumueleza maji yalivotoka na jua, na hatosahau. Mvua ikiwa imewaingilieni, zipimeni Jumapili.

Utajua umefanikiwa: silabi 20 anazitambua zikiwa zimechanganywa, hata akikosea mbili tatu. Akikosea zaidi ya tano, wiki ijayo rudia hizi hizi, usiongeze herufi hata moja.

Akiwa yuko tayari, herufi zinazofuata ni l, s, z na w, hapo anapata nazi, wali, samaki, na kadi mpya 40. Za zamani zitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, maboksi ya biskuti yana harufu, zangu za likizo iliyopita panya alianza na "ke" akamaliza na "ki".